Mbwa Mwitu Waliofika Xiaobei

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeanza hapa Xiaobei na kuta zinatoka jasho. Mkate umeota ukungu kwa siku mbili, na Kazija, mwenzangu wa chumba, kaimaliza kamba nzima ya kuanikia kwa mabaibui yake. Daftari hili naliandika kwa sababu ya kaka yangu Joachim. Alikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na moja mpaka goti lilipomstaafisha, na bado ana ugonjwa wa kuweka kumbukumbu za kila kitu. Kaniambia: "Getu, utakachokiona huko kiandike siku hiyohiyo. Ukingoja kesho utakuwa umeshakipamba."

Anachotaka nikione ni hiki. Bondeni kwetu mbwa mwitu, wale wa madoa na masikio mapana, walikuwa wanalindwa na sheria. Mwaka juzi ulinzi huo uliondolewa, eti wanamaliza mbuzi. Tangu hapo wanategwa kwa nyaya kila kona. Yalikuwa makundi manne, sasa limebaki moja, na hilo lina mbwa kumi na mmoja. Joachim na wenzake wameomba ulinzi urudishwe, na kamati itawasikiliza tarehe 19 Juni. Kamati imesema wazi: ikiwa watu wanaua kutetea mbuzi wao, hakuna cha kurudisha. Ikiwa wanaua kwa biashara, uletwe ushahidi biashara iko wapi. Joachim ana fununu kwamba meno na mikia inaletwa huku Guangzhou, Uchina.

Nikamwambia Guangzhou si gulio la kijijini, nitaanzia wapi? Akacheka. "Wewe humwamini mtu yeyote, mdogo wangu. Ndiyo maana nimekuchagua."

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hakuna kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetoka ofisini Sanyuanli, ambako kazi yangu ni kupokea bidhaa za watu na kuzipanga kwenye kontena, nikapita vibanda vya shanga. Mama mmoja ana meno yaliyotungwa kwenye uzi mwekundu. Anasema ni ya mbwa mwitu, ukivaa biashara inafunguka na maadui wanakaa mbali. Nikaligonga moja kwa ukucha: plastiki. "Bu yao," nikamwambia, sitaki, naye akanitukana kwa Kikantoni nisichokijua, ila matusi hayahitaji mkalimani.

Jumatano, 9 Aprili

Maulid, mfanyabiashara anayekwenda na kurudi, kafika kutoka Dar na masanduku mawili, na kama kawaida sanduku moja si lake. Kila anayetoka nyumbani anabebeshwa mizigo ya watu: unga wa muhogo, pilipili, nguo za kitenge, dawa za bibi. Utaratibu wetu ni mmoja. Msafiri hafungui mzigo wa mtu. Mpokeaji akiupata anapiga picha mzigo ukiwa umeshikwa mkononi, anaituma kwa aliyeutuma, mambo yameisha. Kufungua mzigo usio wako ni kujivua nguo mbele za watu. Hutabebewa tena hata sindano.

Sasa najiuliza, huyu Maulid amebeba vingapi asivyovijua? Au anavijua? Nimemtazama akigawa, anatoa jasho kuliko hali ya hewa inavyodai. Nimemuuliza kama forodha walimsumbua. "Dada'angu, mimi mtu mzima, nani anisumbue?" Jibu la mtu anayeficha jambo.

Kazija kapata kifurushi chembamba, kakitia sandukuni na kufunga kwa ufunguo, wala hakupiga picha mbele yetu. Mimi nimepata changu kutoka kwa shemeji Adrian, mume wa dada yangu Teddy: kiroba cha dagaa, na chini yake, kwenye mfuko ulioshonwa, mizizi ya dawa ya tumbo ya laoban (bosi) Chen. Chen aliwahi kufanya kazi ya barabara bondeni kwetu, siku hizi ana kibanda Sanyuanli, na mizizi ya kwetu ndiyo pekee inayomtuliza tumbo. Shemeji husema: dagaa wa juu ni wako, cha chini ni cha Chen. Kazija akanishikia kiroba, hina yake ya Idi bado mbichi, nikapiga picha nikaituma. Kesho nitampelekea Chen.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Misa ilijaa mpaka uani. Baadaye Adrian alipiga simu kunitakia heri. Yeye ndiye katibu wa kundi la Joachim la doria ya kujitolea, anaandika mihtasari ya vikao vyote, mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mwalimu. Akauliza kama dagaa walikuwa watamu. Nikamwambia watamu, ila chumba kizima kimenuka wiki nzima. Kisha akauliza, "Vipi, kuna ulichokiona huko?" Nikasema bado. "Usijiingize sana, shemeji. Huko ugenini. Mbwa ni mbwa, wewe ni mtu." Nilifurahi kwamba ananijali kuliko hata kaka yangu wa tumbo moja.

Ijumaa, 25 Aprili

Kazija haulizwi swali akajibu. Nimemuuliza kwa utani, "Bibi wee, sandukuni una dhahabu?" Akasema, "Nina yangu." Basi. Mtu tunayekula naye sufuria moja mwaka wa tatu! Nimeanza kuhesabu vifurushi vyake: hiki ni cha tano tangu nihamie, vyote vyembamba, vyote kutoka Unguja, vyote kwa mkono wa Maulid.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Wachina wote wamesafiri, mvua haikusafiri.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo mtu mwingine angelifanya ningemwita mchawi. Kazija alikwenda Zhanqian Road kununua mitandio ya jumla, akasahau funguo mezani. Nikafungua sanduku lake, nikafungua na kifurushi.

Ndani kuna kiatu. Kimoja, cha mtoto, cha kushoto, kimechakaa unyayo. Na karatasi ya daftari la shule yenye mguu uliochorwa kwa kalamu ya risasi kuzunguka vidole. Chini yake sandukuni kuna viatu vingine vinne vya namna hiyo, kila kimoja na karatasi yake, kuanzia kidogo mpaka kikubwa.

Nikarudisha vyote kama vilivyokuwa. Mtu mwingine angeona haya akaacha. Mimi nimekaa kitandani nikijiuliza: kiatu kimoja kina maana gani kwa wafanyabiashara wa magendo? Huenda ni kipimo. Huenda ni alama yao ya kutambuana. Nimemwandikia Joachim kwamba nina mtu ninayemfuatilia.

Jumanne, 13 Mei

Kazija kanipikia mchuzi wa papa. Kwa nini leo?

Jumamosi, 17 Mei

Ushahidi umejileta. Wenzake Joachim wamemkuta mtegaji mmoja na mbwa wawili waliochunwa, meno na mikia yao imeshapelekwa. Simu yake ilikuwa na picha aliyotumiwa, kwa namba isiyo na jina, kumhakikishia kwamba mzigo umefika Uchina. Joachim amenitumia picha hiyo, kaandika: "Unamtambua?"

Ninamtambua. Kiroba cha mistari ya buluu, kitambaa chetu cha meza chenye maua ya manjano, na mkono wa mwanamke wenye hina mpaka kwenye kifundo. Nimekuwa nikinywa chai na mkono huo kila asubuhi. Nina hasira, na nakiri pia furaha, maana nilijua tangu mwanzo.

Jumapili, 18 Mei

Niandike yote kama yalivyokuwa, nisiyapambe.

Nimetoka misani nikamkuta Kazija anachambua mchele kwenye ungo. Nikaweka simu mbele yake.

"Mkono huu wa nani?"

Akaitazama. "Wangu." Hakusita hata kidogo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo.

"Na kiroba?"

"Kiroba sikijui. Kuna nini?"

Nikamwambia yote: mbwa, mitego ya waya, meno, mtegaji na simu yake. Sauti yangu ilikuwa imepanda, jirani akagonga ukuta. Nikamwambia anaua viumbe wa Mungu kwetu bara kwa sababu kwao hawapo. Nikamwambia najua habari za sanduku lake na viatu vyake vya siri.

Hapo akasimama, mchele ukamwagika.

"Umefungua mzigo wangu?"

"Nilikuwa na sababu."

"Swalha ana miaka saba," akasema. Alisema polepole, nikatamani apige kelele. "Mwanangu. Nilimwacha ana mitatu. Kila kiatu kikimbana, mama yangu hunitumia kimoja na karatasi yake nipate kipimo. Weye una picha za ndugu zako, wapiga nao soga. Baba yake kanizuia hata kumuona kwenye simu. Miye mwanangu namjua kwa mguu, Getrude. Hicho ndicho ulichokifungua."

Mdomo wangu haujazoea kushindwa. Nikasema, "Hata hivyo, picha ni picha. Mkono ni wako."

"Wangu, ndiyo. Hebu nijibu na weye: mkono umo pichani. Hiyo picha nani kaipiga?"

Akaokota mchele punje kwa punje. Mimi nilitoka nikazunguka mtaa mzima wa Xiaobei bila mwavuli.

Jumatatu, 19 Mei

Nimesoma ukurasa wa tarehe 9 Aprili. Mwandiko ni wangu. "Kazija akanishikia kiroba, hina yake ya Idi bado mbichi, nikapiga picha nikaituma." Niliituma kwa shemeji Adrian. Kutoka kwake imefikaje kwenye simu ya mtegaji?

Nimekwenda kwa Chen. Nikasimama upande wa pili wa njia nikijifanya natafuta vifungo. Juu ya kabati lake la kioo kuna meno yameviringishiwa fedha, na vishikizo vya funguo vya mkia, kila mkia na ncha nyeupe. Mbwa wetu wana ncha nyeupe za mkia. Tukiwa wadogo Joachim alinionyesha zikipepea majanini. Chen akaniona, akanipungia. "Pengyou! Rafiki yangu, dawa lini tena?" Tumbo lake halikuwa na shida yoyote.

Mara nne nimempelekea kwa miguu yangu. Na dagaa nimekula.

Alhamisi, 22 Mei

Sijamwambia mtu. Kazija siku hizi anakula nje.

Jumatano, 28 Mei

Maulid kafika tena. Sikuuliza habari za jasho lake. Nimegundua tu kwamba ni mnene. Kanikabidhi kiroba cha Adrian, cha mistari ile ile ya buluu. Nikapanda nacho chumbani, Kazija alikuwepo anakunja mitandio, akanipa mgongo. Nikachukua mkasi.

"Kazija, nakuomba uangalie. Sitaki niwe peke yangu."

Aligeuka. Nikamwaga dagaa kwenye beseni, nikakata uzi wa mfuko wa chini. Meno arobaini na sita, yameshatobolewa. Mikia saba. Mmoja ulikuwa mdogo, wa mtoto. Saba kutoka kwenye kumi na mmoja.

"Astaghfirullah," Kazija akasema, akaketi chini. Kisha akasema, "Piga picha. Safari hii mkono uwe wako."

Nikapiga. Nikaituma kwa Joachim pamoja na jina la aliyeutuma mzigo.

Jumamosi, 31 Mei

Nimemngoja Joachim siku tatu. Leo kajibu: "Nilimpa kalamu mimi mwenyewe. Hakuna aliyejua tunapolala doria ila yeye. Sijamwambia mtu, kamati haipokei ushahidi wa kupitia kaka. Itabidi useme mwenyewe tarehe 19." Hakuandika salamu.

Sasa naona ujinga wangu ulipokuwa. Nilimshuku Maulid, mama wa plastiki na mwanamke anayelala mita mbili kutoka kwangu. Shemeji sikumshuku kwa sababu alinitumia dagaa.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Nimerudi kazini nikakuta sahani ya pilau mezani imefunikwa. Kazija hakuwepo. Nilikula nikilia, na sioni aibu kuandika.

Jumanne, 10 Juni

Teddy amepiga. Niliposikia sauti nilijua anajua. Adrian ameona sikutuma picha ya kupokea, akafanya hesabu zake.

"Getu, umefungua?"

"Nimefungua, dada."

"Bati la nyumba ya mama limetoka kwenye mifuko hiyo. Ulijua?" Sikujua. "Watoto wangu watatu, Getu. Akifungwa nawalisha nini? Kwa ajili ya mbwa?"

Nikamwambia wamebaki wanne. Akasema, "Na mimi nimebaki na nani?" Nikasema nitafikiri. Nilidanganya, nilikuwa nimeshafikiri. Lakini nani anaweza kumwambia dada yake hivyo kwenye simu? Adrian atakuwa amelichukua neno hilo kama ahadi.

Jumamosi, 14 Juni

Dhoruba inakuja kutoka baharini, maduka yamefungwa madirisha kwa mkanda. Nimekaa na kiroba uvunguni siku kumi na saba, na kila kishindo cha mguu kwenye ngazi nadhani ni askari. Ningeweza kukitupa jalalani. Ningeweza kukata picha ya Aprili, nikatoa kitambaa cha meza, na tarehe 19 nikaripoti kama mpita njia aliyeona kitu. Nimeyafikiria yote mawili.

Kazija kaniona nahangaika na picha. "Ukinikata mkono wangu watauliza kwa nini picha imekatwa," akasema. "Uache." Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu siku ya mkasi.

Jumanne, 17 Juni

Nimekipeleka kiroba polisi. Kazija alifuatana nami. Kichina chake ni bora kuliko changu, na mkono ni wake, alisema, hataki uelezewe na mtu mwingine. Afisa alivaa glavu, akahesabu meno mara mbili. Maelezo yangu yalichukua saa tano. Wamenipa hati ya kupokea yenye muhuri, wamebaki na pasipoti yangu, na nisitoke mjini mpaka waniite. Kazija wamemwacha aende. Aliningoja nje kwenye mvua.

Nikamwomba radhi mlangoni pale pale, kwa sauti, watu wakisikia. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sikumdai.

Alhamisi, 19 Juni

Saa tisa mchana hapa, saa nne asubuhi kwetu. Joachim aliweka simu ya video juu ya meza ya kamati. Mwenyekiti ni mama wa miwani, sauti yake haina mzaha. Nyuma yake niliwaona watu wa kijiji kwenye viti vya plastiki, na pembeni, kalamu mkononi, Adrian. Alikuja. Asingekuja ingekuwa kukiri, na nadhani hakuamini kwamba ningeweza.

Nikaonyesha picha zote mbili na hati ya polisi. Nikaeleza kibanda cha Chen. Mwenyekiti akauliza, "Wewe binafsi ulimfikishia mizigo mingapi?"

"Minne. Wa tano ndio huu."

"Ukijua kilichomo?"

"Sikujua. Sikuuliza. Nilipewa dagaa, nikaona inatosha."

"Mtumaji ni nani?"

Teddy alikuwa amesimama dirishani, amembeba mdogo wao. Nilimwona. Nikasema, "Ni Adrian, mume wa dada yangu. Ndiye huyo anayeandika muhtasari."

Joachim aliniambia baadaye kwamba Adrian aliandika mpaka neno "mume", akafunika kalamu vizuri, akaiweka juu ya karatasi, na walipomwendea hakukimbia. Kwenye simu mimi niliona dirisha tu, na halikuwa na mtu tena.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua. Kibanda cha Chen kimefungwa.

Jumanne, 24 Juni

Uamuzi umetoka. Ulinzi umerudishwa bonde zima kuanzia leo. Mitego ing'olewe, na anayeua ashitakiwe kama zamani. Joachim alinipigia akiwa doria. Alisema wamewaona wanne asubuhi, na mmoja ana mimba. Alikuwa analia, mtu wa miaka sitini na mbili, na mimi nililia naye. Ningependa kusema nilifurahi tu.

Kisha nikampigia mama. Nilitaka asikie kwangu, si kwa watu. Aliniacha nimalize yote: sheria, mbwa, pasipoti yangu, Adrian aliyeko rumande. Mama hakunilaumu. Aliuliza swali moja.

"Mbwa wamepata wa kuwalinda. Haya, Teddy analindwa na nani?"

Nikasema polisi wakiniruhusu nitarudi nyumbani, nitakaa naye, nitalima, nitalea watoto, akinikubali.

"Yuko hapa," mama akasema. "Anasikia."

Nikangoja. Nilisikia kuku, nikasikia mtoto anaomba maji na mtu anamtilia kwenye kikombe. Niliita jina la dada yangu mara mbili. Kisha simu ikakatwa, na sikujua ni mkono wa nani.